Gharama za Uzio Zihesabiwe kwa Mzunguko, si kwa Eka

Mara kwa mara husikika malalamiko ya wakulima wa Unguja na Pemba juu ya ng'ombe na mbuzi wanaokata kamba na kuvamia mihogo ya majirani. Mambo hayo hufikishwa kwa sheha, fidia hulipwa au haikulipwa, na ujirani wa miaka mingi huharibika. Dawa inayotajwa ni kuyazungushia malisho uzio. Nasi tunakubali. Lakini uzio ulioishia nusu haumzuii mnyama hata mmoja, na nyingi huishia nusu kwa sababu makisio yalikosewa tangu mwanzo.

Kosa lenyewe ni kukisia kwa eka. Seng'enge haitandazwi juu ya ardhi, bali huizunguka. Tuchukue eka tatu, kiasi kile walichogawiwa wananchi wengi baada ya Mapinduzi ya 1964. Zikiwa mraba, mzunguko wake ni mita 441 hivi. Zikiwa ukanda mwembamba wa mita 30 kwa 405, mzunguko hufika mita 870. Eka ni zile zile, lakini gharama ni takriban maradufu. Kwa hiyo ofisa anayepitisha fedha kwa kutazama idadi ya eka peke yake humpa mmoja ziada na mwingine pungufu, huku akidhani ametenda haki.

Katika mraba huo, nguzo zikiwekwa kila baada ya mita 3 zitahitajika 147, na nyuzi nne za seng'enge zitakuwa mita 1,764, mbali na lango, misumari na nguzo nene za pembeni. Bei hatuitaji hapa, kwani hubadilika. Tunashauri tu iulizwe kwa mita, kwa kuwa seng'enge iliyoviringwa haina urefu mmoja.

Kuna gharama ambayo karatasi husahau, nayo ni kuchimba. Katika udongo wa mabondeni kijana mwenye nguvu huchimba mashimo mengi kwa siku. Katika ardhi ya maweni ya mashariki ya Unguja hupambana na jiwe kwa mtaimbo, na ujira wake hauwezi kuwa ule ule. Aidha, karibu na bahari chumvi huila seng'enge mapema, na mchwa huzila nguzo popote. Makisio yasiyotenga fungu la matengenezo ni nusu ya makisio. Boriti za mikoko nazo tusizitegemee, maana mikoko ndiyo kinga ya fukwe zetu na haikatwi bila ya idhini. (Wapo pia wanaopigilia seng'enge kwenye minazi. Waache: jeraha la mnazi haliponi.)

Njia mbili za kupunguza mzigo zipo. Ya kwanza ni miti hai. Mbono hushika kwa kipande tu, na mifugo haiupendi. Lakini wenye kuupanda wastahimili misimu kadhaa kabla haujawa uzio. Ya pili ni ushirikiano. Majirani watatu wenye eka tatu za mraba kila mmoja, wakizungusha peke yao, watahitaji mita 1,323. Wakiunganisha eka zao tisa ziwe mraba mmoja, mita 763 zitatosha. Najua, mpaka wa shamba ni jambo zito visiwani, na si kila majirani hukubaliana. Basi hata ule upande mmoja wanaopakana waugharimie pamoja.

Mwenye ng'ombe mmoja au wawili hana haja ya haya yote. Awakatie majani bandani.

Kwa wakuu wanaohusika tunaomba jambo dogo. Kabla ya kupitisha mkopo au msaada wa uzio, bwana mifugo na sheha waende shambani na kamba ya kupimia, wazunguke mpaka mzima pamoja na mwenyewe na majirani zake, waandike mita, aina ya ardhi, na njia ya watu kwenda kisimani isiyostahili kufungwa.