Nyota Darini: Pambo au Somo?

Katika ziara moja ya mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya Darasa la Tano, kumsikiliza mwanachuo aliyeandaa somo la nyota. Alikuwa amejitahidi sana. Madirisha aliyaziba kwa mikeka, shuka jeupe alilitandaza chini ya kenchi liwe dari, na mezani aliweka kopo la maziwa lililotobolewa kitako kwa msumari, ndani yake mna taa ndogo. Alipoiwasha, shuka likajaa nukta za nuru, nao watoto wakashangilia. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, Kilimia kiko wapi?"

Mwanachuo akatazama juu, akalitazama kopo, akanyamaza. Kilimia hakikuwapo. Matundu yalitobolewa ovyo, popote msumari ulipoangukia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, zana ile ilikuwa zana ya kufundishia, au lilikuwa pambo tu? Maoni yangu ni kwamba lilikuwa pambo. Tena ni pambo lenye hatari, kwa kuwa lilimfundisha mtoto kwamba nyota hazina mpango. Msichana yule alijua zaidi ya zana aliyowekewa mbele yake. Bila shaka alikuwa amesikia kwa wazee wake kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alikuja na maarifa ya nyumbani, shule ikashindwa kuyapokea.

Kutengeneza anga ya usiku darini si jambo jipya. Huko Franeker, nchini Uholanzi, mchambuzi wa sufu aitwaye Eise Eisinga aliijenga dari ya sebule yake kati ya mwaka 1774 na 1781, ili ioneshe mwendo wa sayari kulizunguka Jua. Mwezi Mei 1774 watu wa kwao walitiwa hofu kwamba sayari zilizokaribiana angani zingeivuta Dunia itoke katika njia yake. Eisinga aliijibu hofu hiyo kwa mbao na misumari. Katika dari ile Zohali huchukua zaidi ya miaka 29 kumaliza mzunguko mmoja, kama ifanyavyo angani. Mitambo hiyo ingali ikienda hadi leo, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Thamani yake yatokana na ukweli wake. Dari ya kumeremeta tu isingemwondolea mtu hofu.

Wako watakaosema kwamba hayo ni makuu mno kwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye kopo na msumari. Sikubaliani nao. Kopo laweza kusema kweli ikiwa kazi itaanzia nje ya darasa. Wape wanafunzi juma zima la kutazama anga wakiwa kwao, mapema usiku, na kila mmoja achore kundi moja tu. Kuanzia Desemba hadi Machi watamwona Jabari, ambaye vitabu vya kigeni humwita Orion. Nyota tatu za ukanda wake hupita karibu na utosi kwa mtu aliye Mwanza au Mombasa, kwa sababu ziko karibu kabisa na ikweta ya anga. Mwezi Mei watauona Msalaba wa Kusini. Linganisheni michoro darasani, msahihishane, ndipo msumari ushikwe.

Hapo yako mambo matatu ambayo mwanachuo hana budi kuyajua. Kwanza, mchoro ukibandikwa kitakoni kwa nje kama ulivyo, picha itatokea darini imegeuka, kushoto kukawa kulia. Kwa hiyo igeuze karatasi, upande wa wino ulielekee bati, kisha utoboe. Tundu kubwa kwa nyota kali, dogo kwa nyota hafifu. Pili, tumia balbu ndogo iliyo wazi, au taa ya simu, kwa maana chanzo cha nuru kikiwa kikubwa nukta hufifia na kutawanyika. Mshumaa na kibatari visitiwe kopini kamwe. Tatu, usilizungushe kopo kama pia. Katika Ulaya ya kaskazini nyota nyingi huonekana zikiizunguka Nyota ya Kaskazini iliyo juu angani. Kwetu, karibu na ikweta, nyota huchomoza mashariki, hupanda, na kutua magharibi. Liinamishe kopo polepole kutoka mashariki kwenda magharibi, na mtoto ataona kile anachokiona uani kwao.

Hata hivyo, zana iliyo njema pia ina uongo wake, nao yafaa utajwe waziwazi. Darini nyota zote ziko mbali sawasawa, angani sivyo. Nuru ya Jua hutufikia kwa muda wa dakika 8 hivi. Nuru ya Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua, huchukua zaidi ya miaka 4; na ile ya Betelgeuse, nyota nyekundu ya begani mwa Jabari, huchukua mamia ya miaka. Mwalimu asiyelisema hilo atamwacha mtoto akidhani kwamba anga ni bati lililotobolewa.

Ndugu mwanachuo, somo la namna hii lisiishie darini. Usiku wa siku ileile waagize wanafunzi watoke nje tena, kila mmoja alitafute kundi alilolichora. Asubuhi waulize walichokiona. Akitokea mmoja aseme, "Mwalimu, kwenye kopo letu nyota ile tumeikosea mahali," usimkemee. Mpe msumari arekebishe. Hapo utajua kwamba umefundisha.