Hakuna Njia

Wasee wa Nairobi wakiona picha yangu juu ya kilima cha Uingereza, buti zimejaa matope na jaketi la mvua limefungwa hadi kidevuni, huniandikia kitu kilekile: "Aii, umekuwa mzungu sasa?" Huwa nacheka, mambo yanaisha. Leo sicheki. Utani huo una uongo ndani yake, na uongo huo umetunyima mahali pa kukanyaga.

Uongo wenyewe ni kwamba kutembea mashambani ni mambo ya wazungu. Nani alitembea zaidi ya sisi? Nenda Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili asubuhi uone watu wanaotoka Eastlands kwa miguu kwenda kazini. Uliza mzazi wako alienda shule na nini. Miguu tunayo. Tulichonyang'anywa ni njia.

Nilielewa hivyo Jumapili moja ya Oktoba. Tulikuwa sita, tukashuka treni Edale, kijiji kilicho katikati ya Manchester na Sheffield. Vuli ilikuwa imeiva: magugu ya mlimani yamegeuka rangi ya kutu, majani yameanguka hadi kwenye paa za magari, ukungu umelala bondeni. Mpango ulikuwa ule wa kawaida wa huko. Unatembea masaa manne, unarudi kijijini, mnakula chakula cha mchana kwenye baa.

Dakika kumi tu baada ya kuanza, tukafika kwenye geti la shamba. Ndani kondoo, nyuma nyumba ya mkulima. Wenzangu wakapita. Mimi nikasimama.

"Vipi?" akauliza rafiki yangu, binti wa Sheffield.

"Hili si shamba la mtu?"

"Ndiyo, ni la mtu. Lakini njia ni yetu."

Akanionyesha kibao cha mbao chenye mshale: njia ya umma ya miguu. Mkulima anamiliki udongo, akaniambia, ila hana ruhusa ya kuifunga njia. Hata akiilima kwa trekta, sheria inampa siku 14 airudishe ilivyokuwa. Uingereza na Wales zina njia za namna hiyo kama kilomita 225,000, nazo zimechorwa kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua.

Nilipita geti lile nikiangalia nyuma. Nilikuwa nangoja askari.

Ninakotoka, upande wa Limuru, kulikuwa na kijia kilichokatiza katikati ya majani chai hadi mtoni, na ng'ambo ya mto kulikuwa na zahanati. Shosho alikipita tangu akiwa msichana. Nilipokuwa darasa la sita, shamba lilizungushiwa waya. Likaja geti, likaja kufuli, akaja askari na rungu, na juu ya geti kikapigiliwa kibao ambacho kila Mkenya anakijua: HAKUNA NJIA.

Hebu kifikirie kibao hicho. Njia ilikuwepo. Ilionekana kwa macho, udongo mwekundu uliogandamizwa na nyayo za miaka na miaka. Mtu alisimama juu ya njia akaandika kwamba hakuna njia.

Siku moja shosho alipita chini ya waya. Goti lilikuwa linamuuma, na kuzunguka kwa lami ni mbali, tena malori yanakimbia huko. Askari wakamshika. Walimkalisha chini pale getini, sweta limechanika begani, hadi jioni baba alipoenda kumwombea msamaha. Nilikuwa nimeandamana naye. Nilimwona baba, mtu mzima, amevua kofia, akimwita "mkubwa" kijana ambaye angeweza kumzaa. Shosho hakusema kitu hadi tulipofika nyumbani. Ndipo akasema, "Nimepita pale kabla mama yake hajaolewa." Tangu siku hiyo hakupita tena.

Kisheria, shosho alikuwa mhalifu. Sheria yetu, Sura ya 294, inasema kuingia katika shamba la mtu bila ruhusa ni kosa la jinai. Kule Uingereza, kwa kawaida, kukanyaga tu shamba la mtu si jinai. Mwenye shamba akitaka, aende akakushtaki kwa madai. Soma tena hapo. Nchi iliyotuletea waya na hati za ardhi haimhesabu mtu wake kuwa mhalifu kwa jambo ambalo shosho wangu alikalishwa chini kwa ajili yake.

Na si bahati mbaya. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliwapa walowezi mashamba, na zile za 1915 ziliruhusu kukodisha kwa miaka 999. Kisha ikaja kipande, kikaning'inizwa shingoni mwa kila mwanamume Mwafrika, ili asitembee bila kujulikana ametoka wapi na anaenda wapi. Kutembea kwetu kulifanywa jambo la kuombea ruhusa. Tukapata uhuru, bendera ikabadilika, kufuli likabaki.

Lakini msinielewe vibaya. Sikuja hapa kumsifu Mwingereza kwa roho nzuri, maana hata njia zake hakupewa bure. Mlima tuliopanda siku ile, Kinder Scout, ulikuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri waliowinda ndege siku chache tu kwa mwaka. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wafanyakazi wa Manchester na Sheffield waliupanda kwa makusudi, wakakabiliana na walinzi. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Vijana watano walifungwa jela, kati ya miezi miwili na sita. Sheria ya kulinda njia na kuunda mbuga za taifa ilikuja 1949, na mbuga ya kwanza, 1951, ilikuwa ni hapohapo. Hata leo, haki ya kuzurura nje ya njia inahusu kama asilimia 8 tu ya ardhi ya England. Bado wanapigania.

Kwa hivyo ukisema kutembea ni "mambo ya wazungu," unafuta watu waliolala ndani. Na unafuta wetu pia. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa Karura akijaribu kupanda mti tu, wanyakuzi wasiumeze msitu. Tunao msitu kwa sababu mtu alimwaga damu, na leo tunaingia kwa kulipa getini.

Tulishuka mlimani miguu inatetemeka, tukaingia baa. Hakuna aliyeuliza matope. Mbwa alikuwa amelala mbele ya moto. Tuliagiza nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, mchuzi mzito, na mimi nikaongeza chai. Ndiyo, vichwa viwili vitatu viligeuka kunitazama. Mlima si wangu kwa macho ya kila mtu. Lakini nilikaa.

"Kenya mna njia kama hizi?" binti wa Sheffield akauliza.

Nikataka kujibu, nikatazama kikombe. Kenya ni kati ya nchi zinazoiuzia Uingereza chai kwa wingi. Majani yaliyopita katikati ya waya ule yanaweza kufika hadi mezani kwangu kule, na shosho hawezi kufika mtoni.

Najua mtakachosema. Kwanza, usalama: watu wataiba. Mwizi hasubiri kibao cha njia, na njia inayopitwa na watu wengi ina macho mengi. Pili, Wakenya watatupa takataka. Basi toza faini anayetupa, usimfungie anayepita. Tatu, si tuna haiki kila Jumamosi? Tunazo, nazipenda. Unalipa elfu mbili na kitu, mnabebwa na matatu hadi Ngong au Kereita, mnalipa getini, mnapiga picha, mnamalizia na choma. Lakini huo ni uhuru wa kutoka geti moja hadi lingine. Mama anayekatiza kwenda zahanati hana elfu mbili, na anayeihitaji njia zaidi ni yeye, si mimi na buti zangu.

Tena sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua njia ya jamii, na inaruhusu hata kikundi cha watu kuiomba kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Wangapi kati yetu, na digrii zetu, tumewahi kuifungua?

Jioni ile nilimpigia shosho, nikamweleza tulivyokatiza shamba la mtu.

"Na hamkushikwa?"

"Hatukushikwa, shosho."

Akanyamaza, kisha akauliza, "Inafika mtoni?"

Desemba narudi nyumbani. Nitakaa na wazee wanaokumbuka njia ilipita wapi, tuichore kwenye karatasi, tukusanye saini, tupeleke ombi. Huenda likakaa kwenye droo miaka. Sawa, tutalifuata. Wewe nawe, kabla ya kulipia haiki nyingine, uliza kwenu kijia gani kilifungwa, na ni nani aliyekuwa akikipita.