Faida ya Daftari la Wagonjwa

Maradhi yaitwayo ya Legionnaires ni kichomi kikali, nacho humwua takriban mgonjwa mmoja katika kila kumi. Asili ya jina hilo ni mkutano wa American Legion, chama cha askari wa zamani wa Marekani, uliofanywa katika hoteli moja ya Philadelphia mwezi wa Julai 1976. Mkutano ulikwisha, kila mtu akarejea kwao. Na huko majumbani, mmoja hapa na mwingine kule, wakaanza kushikwa na homa, kikohozi na taabu ya pumzi. Waliougua walifika 221, na 34 katika hao wakafa.

Msomaji mpenzi, hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Tabibu wa mji mdogo aliyeletewa mzee mmoja mwenye kichomi hakuwa na sababu ya kustaajabu, kwani wazee huugua kichomi kila mara. Khabari ilidhihiri pale tu majina ya wagonjwa wa miji mbalimbali yalipowekwa pamoja, ikaonekana kuwa wengi wao walikuwako Philadelphia siku zile zile.

Wataalamu wa CDC, idara ya dola inayoshughulikia maradhi, walihangaika muda wa miezi mitano. Mwisho wa Desemba, Joseph McDade alirudia kuvitazama vioo alivyokwisha kuvichunguza kwa hadubini, na Januari 1977 ikatangazwa kuwa chanzo ni bakteria asiyejulikana, ambaye baadaye aliitwa lejionela. Ndipo ikatolewa damu iliyowekwa akiba miaka mingi: ya wagonjwa wa hospitali moja ya Washington walioshikwa na kichomi mwaka 1965, na ya watu wa mji wa Pontiac waliopata homa mwaka 1968. Ilipopimwa, alama za bakteria huyo zilikuwamo. Lau wale wa kwanza wangaliitupa kwa kukosa jawabu, jambo hilo lisingalijulikana.

Bakteria huyu hustawi katika maji ya uvuguvugu, na humpata mtu kwa kuvuta pumzi yenye rasharasha za maji hayo, kama za bafu la mvua au za minara ya kupozea maji iliyo juu ya majumba makubwa. Kwa kawaida hatoki kwa mtu kumwendea mtu, basi hapana haja ya kumkimbia mgonjwa. Wanaodhurika zaidi ni waliopita miaka 50, wavuta sigara na wenye mapafu dhaifu. Na kwa kuwa huweza kupita hata siku 14 kabla ya homa kuonekana, msafiri aghalabu huugulia kwao, mbali na maji yaliyomdhuru. Kwa hiyo Marekani kila mgonjwa huandikwa, naye huulizwa alilala wapi. Wakipatikana wawili waliolala hoteli moja katika muda wa miezi 12, uchunguzi huanza. Mwenye kumpeleka mzee kwa tabibu baada ya safari asingoje kuulizwa.

Mwaka 2000 walioandikwa nchini humo walikuwa kiasi cha 1,100. Mwaka 2018 walikaribia 10,000. Je, maradhi yamezidi mara tisa? Si lazima. Wazee wameongezeka na mabomba yamechakaa, lakini pia kipimo cha mkojo kimerahisisha kuyatambua. Kipimo hicho nacho hutambua hasa namna moja tu ya bakteria huyo, na mwaka 2019 jopo la wataalamu lilikisia kuwa wanaougua kila mwaka ni baina ya 52,000 na 70,000. Daftari, basi, lina sehemu ndogo tu ya wagonjwa.

Mwaka 2015, katika mtaa wa Bronx mjini New York, watu 138 waliugua na 16 wakafa kwa maji ya mnara wa hoteli, na mji ukaamrisha minara yote iandikishwe. Hata hivyo mwaka 2025 waliugua 114 katika mtaa wa Harlem, wakafa 7. Sheria ilikuwa ikitaka maji ya minara yapimwe kutafuta bakteria huyo mara moja katika siku 90. Mwaka huo huo baraza la mji likapitisha yapimwe kila mwezi.