Baiskeli ya umeme si ya wavivu

Nikitaja baiskeli ya umeme hapa Umoja, jibu ni lile lile: "Hiyo ni ya wavivu." Jameni, tupige hesabu. Mtu wa kawaida akiendesha bila haraka hutoa wati 100 hivi. Sheria ya Ulaya inaruhusu mota ya wati 250, inayokata ikifika kilomita 25 kwa saa. Programu ndogo husoma pedali: usipokanyaga, mota inanyamaza. Kwa hivyo jasho lipo, ila limepungua.

Sasa mfikirie muuza maji wa Kayole na Black Mamba yake. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80. Huyo hatafuti mazoezi, anatafuta unga. Nguvu zikibaki, ataongeza safari. Ila chaji ikiisha, betri nayo inakuwa mzigo.

Nyinyi mwaonaje?