Kitabu Kilale Nyumbani

Na Rehema Kalinga

Mtoto wa darasa la kwanza Ilula, wilayani Kilolo, akibaki nyumbani siku ya masomo, humkuta bibi yake, au dada wa darasa la sita aliyeachiwa ufunguo na mtoto mchanga wa kubeba. Mama ameshatoka alfajiri kwenda kwenye nyanya, na kando ya barabara kuu ya Iringa na Morogoro Fuso zinapakiwa matenga. Mpango wa masomo ya nyumbani unaotegemea mzazi mwenye nafasi na simu kubwa hauwahusu bibi na dada huyu, na wao ndio walimu pekee waliopo.

Taifa zima liliuona ugumu huo mwaka 2020. Machi 17, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule. Watoto wa msingi walirudi madarasani Juni 29, zaidi ya siku 100 baadaye. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya redio na televisheni, kazi iliyostahili pongezi. Lakini redio haimsikii mtoto anapokwama kwenye silabi ya pili, wala haimwoni akiiandika “d” kinyumenyume. Darasa la kwanza na la pili ndiko mtoto anakojenga Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na katika umri huo anahitaji kusikilizwa kuliko kusikiliza.

Wazee wa nchi hii wanakumbuka kuwa redio peke yake haitoshi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili kupitia redio. Walikaa katika vikundi, kiongozi aliyefunzwa akiwa mbele yao na kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Zanzibar nako, kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze kilitengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo, na kilimtegemea mlezi aliyekaa nao, akicheza nao na kuimba nao.

Basi siku ya masomo nyumbani iwe fupi. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni zinamtosha mtoto wa miaka saba, ilimradi mtu mmoja awe ameketi naye. Bibi asiyejua kusoma anaweza kumsikiliza mjukuu akisoma ukurasa kwa sauti, akamuuliza picha inaonyesha nini na kisha ikawaje. Anaweza kumsimulia hadithi kwa Kihehe. Mtoto akairudia kwa Kiswahili, dada akaandika sentensi zake tatu kwenye daftari, kisha mtoto akazisoma mwenyewe. Maneno hayo ni yake, kwa hiyo hatayaogopa.

Hesabu nazo zimejaa uani. Nyanya zipangwe mafungu ya tano tano: mafungu manne yana nyanya ngapi? Zikitolewa tatu zilizooza, zinabaki ngapi? Akitumwa dukani na shilingi 1,000, aseme kwanza chenji itakuwa kiasi gani, kabla mwenye duka hajamrudishia.

Hapa lazima lisemwe jambo moja bila kuzunguka. Kuhesabu nyanya nyumbani ni somo. Kumpeleka mtoto kuzichuma kutwa nzima ni kumwachisha shule, tena katika mashamba yanayopigwa dawa mara kwa mara. Asiwepo mtu wa kutumia jina la masomo ya nyumbani kupata kibarua cha bure.

Kinachokosekana ni kitabu. Katika shule nyingi vitabu hulala kabatini, kwa kuwa kikipotea mwalimu mkuu ndiye anayeulizwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini gharama yake inalipwa na mtoto asiyegusa kitabu tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Ni kweli Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vya kiada mtandaoni bila malipo. Kuvipata kunahitaji simu janja na bando, na simu hiyo, kama ipo, imeondoka na mama.

Walimu wakuu wa Ilula wanaweza kuanza na kidogo. Kila Ijumaa kitabu kimoja kitolewe kwa watoto wawili wanaokaa jirani, majina yaandikwe, kirudishwe Jumatatu. Kamati ya shule ikubaliane mapema kwamba kitabu kilichochakaa hakimtii mwalimu hatiani. Kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu atumie dakika kumi kuwaonyesha bibi na akina mama namna ya kumsikiliza mtoto anayesoma. Wanafunzi wa darasa la sita nao waelekezwe, maana tayari wanalea.

Likizo ya Juni, kitabu kikikaa nyumbani hadi shule zifunguliwe, inatosha kulijaribu hili kwa darasa la pili la shule moja. Kabla ya kufunga, mwalimu amsikilize kila mtoto ukurasa mmoja na kuandika alivyosoma. Julai amsikilize tena, na matokeo yapelekwe kwa afisa elimu wa wilaya ya Kilolo.