Gari likilia "ti-ti-ti" asubuhi, usipandishe watoto

Mzazi mwenzangu, nyumba nyingi siku hizi zina Subaru ya turbo uani. Ama baba aliinunua damu ikiwa bado moto, ama kijana aliyepata kazi juzi amekuja nayo, na sasa ndiyo inayowapeleka wadogo zake shuleni. Mapenzi haya si ya jana. Waliomtazama Patrick Njiru akiikimbiza Subaru kwenye Safari Rally miaka ya 1990 ndio wazazi wa leo.

Mngurumo ule unaowapendeza una chanzo chake. Silinda za Subaru zimelala, nusu upande huu na nusu upande ule, na katika Impreza na Forester nyingi za turbo za zamani, mabomba yanayotoa moshi kwenye injini hayalingani urefu. Moshi haufiki kwa mpigo ulio sawa, ndiyo maana gari linanguruma kwa kukatakata. Mabomba hayo ndiyo manifodi. Vijana huyaita heda. Hupita chini ya injini, karibu na ardhi, kisha hupanda kwenda kwenye turbo.

Kazi yake ni ya jehanamu. Gari likikanyagwa sawasawa, moshi unaopita humo unaweza kuzidi nyuzi 800 za Selsiasi. Halafu linakanyaga dimbwi, au linazimwa na kupoa usiku kucha. Chuma kinatanuka na kunywea kila siku mpaka kinapasuka, mara nyingi palipochomelewa. Matuta yetu nayo hayasaidii. Raba za kushikilia injini zikichoka, injini huyumba na kuyavuta mabomba.

Dalili ya kwanza ni sauti. Injini ikiwashwa baridi asubuhi inalia ti-ti-ti, na ukiongeza mafuta mlio unaenda mbio. Baada ya dakika chache unafifia au kutoweka, kwa sababu chuma kimetanuka na kuubana ufa. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kijana atakwambia, "Mzee, imeisha," na mngurumo anaoupenda utafunika kilichobaki. Turbo nayo inapoteza nguvu, na gari huweza kuanza kunywa mafuta kupita kawaida, kwa kuwa hewa ya nje inapenya kwenye ufa na kuidanganya sensa ya oksijeni.

Nguvu na mafuta ni shida ya mwenye gari. Ya watoto ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikivuja chini ya boneti, inaweza kuvutwa na matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele hadi ndani ya gari. Mtoto hupumua haraka kuliko sisi, hivyo huathirika mapema. Ataumwa kichwa, atasikia kichefuchefu, atasinzia. Nasi tutasema ni malaria, au kwamba huyu hapendi shule. Angalia kama anaumwa akiwa garini na kupata nafuu akishuka, na kama wengine garini wanahisi vivyo hivyo. Ikiwa ndivyo, simamisha gari, zima injini, watoe wote kwenye hewa safi, kisha wafikishwe hospitali kwa gari jingine, na umtajie daktari habari ya moshi wa gari. Asipotajiwa huenda asiifikirie. Kufungua madirisha si dawa. Na gari lisingurumishwe ndani ya gereji iliyofungwa hata kama ni zima.

Kwa fundi, usikubali injini ifunguliwe kwa sababu ya sauti tu. Ti-ti-ti inaweza kuwa ya vali, au bati la kukinga joto lililolegea. (Mlio mzito wa kugonga unaozidi injini ikipata moto ni habari nyingine, tena mbaya zaidi, zima gari.) Mwombe afungue mabati ya joto na kutafuta masizi meusi kwenye maungio na mistari ya kuchomelea. Kisha, gari likiwa limepoa na kuzimwa, apulize hewa kwa nguvu ndogo kupitia bomba la nyuma na kupaka maji ya sabuni kwenye manifodi. Palipo na ufa patatoa mapovu. Kipimo hiki ni rahisi na hakibishaniwi.

Mara nyingine kosa ni gasketi tu, hapo umeponea. Kama ni ufa kwenye bomba, gundi ya ekzosi itakufikisha nyumbani lakini haikai. Manifodi itolewe. Bolti zipulizwe mafuta ya kulegeza kutu mapema, maana zinaingia kwenye alumini na zikikatikia humo gharama ni nyingine kabisa. Ufa usafishwe mpaka chuma king'ae, ncha zake zitobolewe kitundu kidogo ili usiendelee kukimbia, kisha uchomelewe kwa gesi ya agoni na waya unaolingana na chuma chenyewe. Bomba lililokwisha kuchomelewa mara mbili tatu, mimi nisingelilipia tena. Manifodi nzima iliyotumika, iliyokaguliwa vizuri, ni afadhali. Wakati wa kurudisha, gasketi ziwe mpya na bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Raba za injini zikaguliwe siku hiyohiyo, la sivyo ufa utarudi palepale.

Ukienda kulichukua, usikubali kulisikiliza likiwa limeshapata moto. Mwambie fundi lilale hapo gereji. Nenda asubuhi, simama mbele, boneti ikiwa wazi, na umwombe aliwashe.