Pochi ya simu iwe kama kibindo cha shangazi

Shangazi yangu hushona kofia za vito barazani kwake Kibokoni, Mombasa, na pesa zake za matumizi hukaa kibindoni. Akilipwa hufungua pindo la leso, akatia noti, akafunga tena. Mteja aliyeketi mbele yake huona fundo tu, hajui mna shilingi mia mbili au elfu tano. Nimesanifu programu za simu kwa miaka tisa sasa, na kila nikitengeneza pochi ya sarafu za kidijitali, kipimo changu ni fundo lile.

Mwaka jana mwanawe aliyeko Toronto alianza kumtumia pesa kwa Bitcoin. Mimi nilikuwa safarini, ikawa kijana wa jirani ndiye aliyemfungulia pochi. Pochi ya namna hii haina benki nyuma yake. Funguo zake hutokana na maneno 12, na anayeyajua ndiye mwenye mali. Yakipotea, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Programu huyachagua kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,048 iliyowekwa mwaka 2013 katika mwongozo uitwao BIP39, na yaliyotokea kwenye simu ya shangazi yalikuwa ya Kiingereza. Kijana akayasoma, shangazi akayaandika nyuma ya kalenda kama alivyoyasikia. Kisha kijana akayapiga picha kwa simu yake mwenyewe, ati yasipotee.

Simu ya shangazi ilipoingia maji, aliniletea ile kalenda. "Aniani" nilijua ni onion. "Ambrela" haikunisumbua. Neno la saba lilikuwa "hangri", na katika orodha ile angry limo na hungry limo. Nikajaribu la kwanza, pochi ikakataa. Nikajaribu la pili, ikafunguka, na shangazi akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu asubuhi. Usiku uleule nilihamisha pesa zote hadi pochi mpya, kwa kuwa maneno ya zamani yalikuwa kwenye simu ya mtu mwingine. Simlaumu kijana. Alikuwa akiziba pengo tuliloliacha sisi wasanifu.

Wenzangu wengi hushikilia kwamba siri na urahisi havikai pamoja: ukitaka pochi ya siri, vumilia ugumu wake. Mimi nimeona kinyume. Pochi ngumu haina siri hata kidogo, kwa sababu mwenyewe hulazimika kutafuta mkalimani, na mkalimani huondoka na ufunguo.

Na maneno 12 ni mlango wa mbele tu. Leja ya Bitcoin iko wazi kwa ulimwengu mzima. Jina lako halimo, lakini anayeijua anwani yako huona kila kilichoingia na kila kilichotoka. Shangazi alichapisha msimbo wake wa QR akaubandika ukutani, kama watu wanavyobandika namba ya till, ili wateja wa mbali wamlipe. Haikupita wiki mbili, kijana mmoja wa mtaani akaja kukopa, akaitaja akiba yake yote hadi shilingi ya mwisho. "Mwanangu," akaniambia shangazi, "huyu ameijua akiba yangu kabla ya watoto niliowazaa."

Dawa ya hilo ipo tangu zamani. Pochi zinaweza kutoa anwani mpya kwa kila malipo kutokana na maneno yaleyale 12, na nyingi hufanya hivyo kimyakimya. Lakini ile ya shangazi haikumwambia kamwe kwamba karatasi ya ukutani ni dirisha la chumbani. Sentensi moja ya Kiswahili, pale anapobonyeza kuchapisha, ingetosha.

Kuna na seva. Simu haibebi leja nzima, kwa hiyo huuliza seva ya mtu. Baadhi ya pochi huikabidhi seva hiyo ufunguo wa kutazamia, usioweza kutoa pesa lakini unaoonyesha anwani zako zote, za jana na za kesho. Njia nyingine ni simu kupakua muhtasari wa kila bloku, yaani kila fungu la leja, na kujitafutia yenyewe. Hiyo hula bando zaidi, na bando ni pesa. Bado naona mtumiaji ndiye wa kuchagua, baada ya kuelezwa kwa maneno anayoyaelewa nani atamwona na kwa kiasi gani.

Nitaulizwa kuhusu wezi na wala rushwa. Kenya imepitisha sheria ya mwaka 2025 inayowataka wafanyabiashara wa mali hizi wawe na leseni chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, nami naiunga mkono kwa dhati: anayeshika pesa za watu akaguliwe. Shangazi hashiki pesa za mtu. Ameshika zake, na hakuna aliyewahi kumdai aitembeze leso yake wazi mtaani.

BIP39 ina orodha za Kijapani, Kikorea, Kichina, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kireno na Kicheki. Ya Kiswahili haimo. Nimeanza kuiandika, nikijua haitafaa kitu mpaka pochi nyingine ziitambue. Kazi yenyewe ni ngumu kuliko nilivyodhani. Katika orodha ya Kiingereza, herufi nne za mwanzo hutosha kutofautisha kila neno. Kwetu kitabu, kitanda na kitambaa yote huanza na "kita", kwa hiyo moja tu ndilo hubaki. Kalamu na karamu hayawezi kukaa pamoja, maana wako wengi wanaobadilishana l na r. Dhahabu nimeitoa, kwa kuwa mtu akiisikia huenda akaandika zahabu.

Jioni huketi barazani nikamsomea shangazi, naye huandika bila kutazama simu yangu. Akikosea neno, linaondoka. Tumefika neno la 611. Jana aliandika yote sawasawa isipokuwa ghala, ambalo lilitoka "gala". Akalipiga mstari yeye mwenyewe, akaniambia nilete jingine.